Pikipiki za Mjapani tulizoziacha kwetu

Wenzangu wamekwisha kuandika kwenye kurasa hizi juu ya mashamba ya kwetu, juu ya samaki wa ziwa na juu ya harusi. Mimi nimeona kuna kitu kimoja bado hakijaandikwa, na wakati kila jioni wazee wanakizungumza pale penye kivuli: pikipiki. Sisemi hizi za bodaboda ambazo watoto wetu wanazijua. Nasema zile za Mjapani, Yamaha, Honda na Suzuki, zilizokuwa zinapanda milima ya Fizi tangu nchi yetu ilipokuwa bado inaitwa Zaire.

Wazee wa zamani kabisa walikuwa wanaziita tukutuku, kwa sababu ya mlio. Sisi tuliofuata tukasema moto, kama Wafaransa wanavyosema, na tulipofika huku Tanzania tukajifunza kusema pikipiki. Vyuma vyake navyo vikabadilishwa majina. Kile tulichoita bujie, hapa ni plagi. Ambreyaji ni klachi, eshapema ni ekzosi, shambreri ni mpira wa ndani. Kijana wangu aliyezaliwa hapa Nyarugusu akinisikia nasema bujie ananisahihisha mbele ya watu. Namwacha. Chuma ni kile kile.

Yangu ilikuwa Yamaha AG100. Hizo herufi AG zinatokana na neno la kilimo, kwa sababu Mjapani aliitengeneza kwa ajili ya wakulima na wafugaji, wale wa Australia na New Zealand wenye mashamba makubwa ambayo huwezi kuyazunguka kwa mguu. Injini yake ni ndogo, haifiki hata cc mia kamili, ni cc 97. Lakini ilikuwa na keria mbele na keria nyuma, cheni yote imefunikwa isione vumbi wala tope, na stendi za pembeni mbili, moja kila upande, ili uweze kuiegesha hata penye mteremko. Aliyefikiria zile stendi mbili, mimi nadhani aliwahi kuuona mlima wa kwetu katika ndoto.

Niliinunua mwaka 1989 kwa mtu aliyekuwa mfanyakazi wa mradi mmoja uliokuwa unafunga. Niliuza ng'ombe wawili na ndagala za msimu mzima. (Hapa wanasema dagaa. Utamu wa ndagala za kwetu ni makala nyingine, leo niacheni.) Alinikabidhi pikipiki, funguo, na karte roze, ndiyo ile kadi ya pikipiki. Imeandikwa jina langu kwa mashine, aina ya pikipiki, namba ya fremu na namba ya injini. Baba yangu alikufa akiwa na karatasi za kodi tu zenye jina lake, yaani karatasi za kumwambia anadaiwa. Mimi nikawa na karatasi inayosema kitu hiki ni cha huyu. Nilimwonyesha mama yangu, hakujua kusoma, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtoto wa siku ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa biashara. Nachukua ndagala zilizokauka Baraka, nafunga gunia nyuma na lingine dogo mbele, napanda Fizi, na siku nyingine naendelea mpaka Lulimba. Kurudi nashuka na karanga au maharage au bidoni za mawese. Bibi mmoja wa njiani alikuwa ananipa barua za mtoto wake, mwalimu fulani ananipa chaki, wakristo wananipa salamu za kikundi kwa kikundi. Mwenye moto alikuwa posta ya watu wote, na wala hakulipwa, isipokuwa ndizi.

Tena ilikuwa benki. Wanaokumbuka wanakumbuka: mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya, na moja ikabadilishwa kwa zaire za zamani milioni tatu. Waliokuwa na noti kwenye sanduku walilia. Akiba yangu mimi ilikuwa imesimama kwenye stendi nje ya jiko, na haikupungua hata spoku moja.

Sasa nieleze kidogo juu ya injini, vijana mnivumilie na wamama msiruke ukurasa. AG100 ni ya aina wanayoita tu-stroki. Pistoni ikipanda na kushuka mara moja, moto unawaka mara moja. Honda nyingi ni fo-stroki, moto unawaka kila baada ya mizunguko miwili. Ndiyo maana mlio wake si mmoja. Honda inasema tu-tu-tu kama mtu anayehesabu pesa. Yamaha ya tu-stroki inalia mfululizo kama nyuki waliofungiwa ndani ya mkebe. Ukiwa shambani, kilomita mbili, unajua ni ipi inakuja kabla hujaona vumbi.

Injini ya tu-stroki inaunguza oili pamoja na petroli. Zile za zamani zaidi ulikuwa unachanganya mwenyewe kwenye kopo, na ukikosea kipimo pistoni inang'ang'ania. Kuanzia mwaka 1964 Yamaha wakaleta mtambo wao wanaouita Autolube: oili ina tangi lake peke yake, na pampu ndogo inaipima. Ile pampu inafuata mwendo wa injini na inafuata pia waya wa akselereta. Hapa ndipo penye siri. Ukiwa unashuka mlima mrefu na akselereta umeifunga kabisa, injini inazunguka mbio lakini oili inayopata ni kidogo mno. Waliojua walikuwa wanaifungua kidogo kila baada ya muda, vruum, kisha wanafunga, vruum, kisha wanafunga, mpaka chini. Mtu aliyekaa nyumbani akisikia moto inashuka mlima alikuwa anajua kabisa: huyu ni mwenyewe, au huyu ameazima.

Kulikuwa na mengine. Bujie ikijaa oili unaifungua njiani, unaisugua kwa msasa, unaipasha kwenye moto wa majani, unarudisha. Kiki ikigoma, unaingiza gia ya pili, watoto wanasukuma, unaachia ambreyaji. Petroli ikikwisha katikati ya pori unageuza kile kiroba cha chini ya tangi kwenda rezevu, na hapo unaanza kuhesabu vijiji kwa vidole. Na eshapema, kwa kuwa moshi ule una oili, inajaa masizi ndani mpaka pikipiki inakosa nguvu kama mzee mwenye kifua. Dawa yake ni kuifungua na kuichoma kwenye makaa mpaka masizi yageuke majivu, halafu unaigonga kwenye gogo. Mama watoto hakuipenda siku hiyo, maana makaa yalikuwa yale yale ya bugali.

Yeye mama watoto ana mambo yake juu ya pikipiki ile, na nimemuuliza kabla ya kuandika, asije akasema nimeandika upande mmoja. Ana kovu kwenye mguu wa kulia, chini ya goti upande wa ndani, ukubwa wa kifuniko cha soda. Ni eshapema. Nimegundua kwamba hapa kambini wamama wengi wa umri wetu wana kovu kama hilo, mahali pale pale (nisieleweke vibaya, ukikaa foleni ya mgao saa nne utaona mengi). Ni kusema kwao kulikuwa na moto. Ni alama ya ukoo wetu mpya, alisema yeye, akacheka.

Kovu lile alilipata usiku mmoja wa mwaka 1991, masika. Uchungu ulimshika saa tano za usiku, mtoto wetu wa kwanza. Zamu ya kubeba machela ilikuwa ya vijana walioenda kuvua. Nikamkalisha katikati, dada yake akakaa nyuma kumshika, tukawa watatu juu ya AG100, au wanne ukihesabu aliyekuwa njiani. Taa ya pikipiki zile inapata umeme moja kwa moja kutoka injini: ukienda kasi inawaka vizuri, ukipunguza inafifia. Basi mwenye mama mjamzito anataka kwenda polepole, na akienda polepole haoni njia. Nilienda hivyo, nikishika ambreyaji nusu na kuipandisha injini ili nione shimo, kisha nikishusha. Tulipofika yeye alishuka upande wa kulia kwa haraka, mguu ukagusa bomba. Anasema hakusikia hata maumivu yake, kulikuwa na mengine makubwa zaidi. Alfajiri tukapata msichana. Leo ana watoto wake watatu, na shangazi zake wakitaka kumtania mpaka leo wanamwita Yamaha.

Kuna mama mmoja wa Japani ambaye mama watoto alimpenda nilipomsimulia habari zake. Ni mke wa Soichiro Honda, jina lake Sachi. Japani ilishindwa vita mwaka 1945, miji yake mingi ilikuwa imeungua kwa mabomu, chakula hakuna, mafuta hakuna, treni zimejaa watu. Mji mmoja unaoitwa Hamamatsu ulipigwa sana. Pale Honda alipata injini ndogo za jenereta, zile ambazo jeshi lilikuwa linatumia kwa redio za mawasiliano, na mwaka 1946 akaanza kuzifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la ile ya kwanza ya majaribio lilikuwa chombo cha kutilia maji ya moto, ambacho watu wa kule wanakiweka kitandani wakati wa baridi. Aliyepewa kuijaribu mjini ni mke wake, aliyekuwa anahangaika na baiskeli kwenda kutafuta chakula. Akavaa suruali yake nzuri. Aliporudi suruali imechafuka mafuta, kwa sababu kabureta ilikuwa inayatema kurudi nje. Akamwambia mume wake. Mume akarekebisha. Kampuni yenyewe iliandikishwa mwaka 1948, na mwaka 1958 wakatoa ile ndogo wanayoiita Super Cub, ambayo kufika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni mia moja. Hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichotengenezwa kwa wingi huo.

Mama watoto alisema, "Kumbe naye mume wake alikuwa wa kuchafua nguo za watu."

Yamaha nao wametoka Hamamatsu hiyo hiyo. Mzee Torakusu Yamaha alianza na vinanda mwaka 1887, na pikipiki yao ya kwanza haikutoka mpaka mwaka 1955. Ndiyo maana alama yao ni zile uma tatu za kupimia sauti. Wana kwaya mliokuwa mnaniuliza kwa nini kinanda na pikipiki vina jina moja, jibu ni hilo. Suzuki naye ni wa huko huko, alianza mwaka 1909 na mashine za kufumia nguo. Kawasaki peke yake ni wa upande mwingine, wao walikuwa watu wa meli na ndege. Mimi napenda kusimulia habari hizi kwa vijana wetu kwa sababu wengi wanafikiri vitu vile vilitoka kwa watu waliokuwa wameshiba. Vilitoka kwa watu waliokuwa wanapanga foleni kama sisi.

Nirudi kwetu. Oktoba 1996 vita vilianza upande wa Uvira, vikashuka kando ya ziwa kuja kwetu. Hayo mnayajua, kila nyumba ina yake. Mwenye boti alisema anabeba watu tu, na mzigo wa kichwani. Mimi nikaisukuma moto mpaka kwenye jiko la zamani la baba mdogo, nikaifunika kwa miti ya mihogo na mikeka. Kisha nikachukua spana na bisibisi, nikafungua kabureta. Nilifikiri hivi: bila kabureta haiwezi kuwaka, na ikiwa haiwezi kuwaka haitaenda mbali, na sisi hatutakaa sana. Wote kwenye boti tulikuwa tunasema Krismasi tutakula nyumbani. Nikaifunga kabureta ndani ya kitenge cha kubebea mtoto, karte roze nikaiweka ndani ya Biblia, tukavuka usiku kuja Kigoma.

Kambi yetu hii ilifunguliwa Novemba mwaka huo huo. Kabureta ilikaa kwanza chini ya hema, halafu chini ya kitanda cha nyumba ya matofali. Ni kitu kidogo, kinaenea kwenye kiganja, na pembeni kimeandikwa Mikuni, ndilo jina la waliotengeneza. Miaka ya kwanza, mfanyakazi wa shirika akipita na AG100 yake, nilikuwa nasimama. Si kwa hamu ya kuendesha. Nilikuwa nasikiliza kama anaifungulia oili kwenye mteremko. Wengi walikuwa hawafungui.

Kuanzia mwaka 2005 ndugu zetu walipoanza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka, nilimpa jirani mmoja aliyekuwa anarudi maelekezo ya jiko la baba mdogo. Habari zilirudi baada ya miezi mingi, mdomo kwa mdomo: jiko halipo, nyumba haipo, na pikipiki haipo. Halafu mwaka 2009, Lugufu ilipofungwa na wenzetu wa kule wakaletwa hapa, mmoja akaniambia aliwahi kusikia kwa shemeji yake kwamba moto ya kijani ya kwetu ilionekana ikibeba mihogo, imewekewa kabureta ya pikipiki nyingine, inawaka kwa shida. Kijani ni kweli. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameipaka rangi ya mlango. Nilisikia wivu, niseme ukweli, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake analelewa na watu wasiomjua tabia.

Mama watoto alikuwa akisema, "Ile kichuma yako itatufuata mupaka lini? Tupa." Sikutupa, na sababu moja ni kijana. Alikuwa na miaka sita hivi alipoanza kuifungua. Kabureta bila pikipiki ni mwanasesere mzuri kuliko wote: ina boya linaloelea, ina sindano, ina vijitundu ambavyo ukivipulizia kwa mdomo unasikia hewa inatokea pengine. Ameifungua na kuifunga mara mia. Mimi namweleza petroli inaingia hapa, inapanda mpaka boya lizibe, hewa inapita huku kwa kasi na kuinyonya. Alikuwa hajawahi kupanda pikipiki maisha yake yote, na alikuwa anaijua kutoka ndani. Leo anatengeneza baiskeli na jenereta ndogo pale sokoni, na mtu akimletea jenereta inayozimika zimika, anaanza na kabureta kabla ya kugusa kingine. Mara nyingi anapata.

Lakini yeye na mimi hatukubaliani juu ya pikipiki za sasa. Au niseme, mimi na wazee wenzangu hatukubaliani, yeye yuko katikati. Wenzangu wanasema pikipiki zilikwisha na Mjapani, hizi za leo ni mabati. Vijana wanasema Boxer inakula petroli kidogo, vipuri viko kila duka, na zile zenu zilikuwa zinafukiza kijiji kizima kama mtu anachoma nyasi. Mimi nimefika mahali pa kusema vijana wana haki zaidi kidogo. Breki za AG yangu zilikuwa za ngoma, ukivuka mto zikiingia maji hazishiki mpaka zikauke. Taa nimeshaeleza. Na petroli ilikuwa inakunywa kweli.

Tena wenzangu hawajui kwamba hizi nazo ni za ukoo ule ule. Bajaj wa India walishirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980, na Boxer imetoka katika ushirikiano huo. TVS walikuwa pamoja na Suzuki mpaka walipoachana mwaka 2001. Na hizi za Mchina, nyingi injini zake ni nakala ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. CG hiyo nayo ina habari. Honda waliona kwamba katika nchi kama zetu watu hawabadilishi oili kwa wakati, wanabeba mizigo kupita kiasi, na ule mnyororo mdogo wa ndani unaozungusha valvu juu ya injini unachoka haraka. Wakauondoa, wakaweka fito za kusukuma valvu kutoka chini, kitu cha zamani lakini kigumu kufa. Hawakuja kutufundisha tabia mpya, walitengeneza injini ya watu wenye tabia hizo. Nikiwaambia wazee hayo wananiuliza nimenunuliwa na Mhindi kwa shilingi ngapi.

Pale ninaposimama na wazee ni hapa tu. Vijana wanasema, ikichoka tunauza, tunachukua nyingine. Mimi moto yangu niliijua kwa miaka saba. Nilijua kelele ya ringi zinapoanza kulegea, nilijua kwamba asubuhi ya baridi inataka kiki tatu na mchana moja. Na ilikuwa na karatasi yenye jina langu. Hapa tuna karatasi nyingi, ya mgao, ya familia, ya kibali cha kutoka, na zote zinasema sisi ni nani na tuko wangapi. Hakuna hata moja inayosema tuna nini. Siku watu wa kuuliza habari za kurudi wanapopita, wanauliza kama tuna shamba, kama tuna nyumba, kama kuna ushahidi. Mimi ushahidi nilio nao ni karte roze. Kijana aliitazama, akasema, "Papa, hii karatasi ni ya nchi ambayo haiko." Ni kweli, juu imeandikwa Zaire. Lakini namba ya fremu haijui nchi imebadilisha jina.

Naandika haya mwezi huu kwa sababu. Mtoto wa marehemu kaka yangu yuko Baraka, ni fundi wa taksi za moto. Wiki tatu zilizopita alituma picha kwenye simu ya kijana. Ni AG100, au mifupa yake. Keria ya mbele haipo, kiti ni cha mbao, stendi imebaki moja. Rangi ni nyeusi, lakini penye mchubuko chini ya tangi panaonekana kijani. Ipo kwa baba mmoja mzima, mtu mwema kwa maelezo yake, anabebea makaa. Alimwonyesha kijana wa kaka kwa sababu injini inakataa kushika mwendo wa polepole, na ukitazama kwenye picha utaona kwa nini: kabureta aliyofunga ni ya pikipiki nyingine kabisa, imekazwa kwa waya na kipande cha mpira.

Namba ya fremu kwenye pikipiki hizi imegongwa kwenye shingo ya usukani, pale mbele chini ya taa. Kwenye picha pamepakwa rangi nyeusi nzito, hakuna kinachosomeka. Nilimwomba kijana anisaidie kumwandikia ndugu yake: asitumie tindo wala moto, achukue kitambaa na petroli kidogo, asugue, kisha akwangue polepole na kisu cha jikoni mpaka chuma kitokee, halafu apige picha nyingine wakati jua liko upande, siyo juu ya kichwa. Namba nimemtumia pia, tarakimu zote, nilizisoma kwa kinywa bila kufungua Biblia. Mama watoto alikuwa amekaa pale anachambua maharage. Akainuka, akaitoa kabureta chini ya kitanda, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akaiweka mezani. Hakusema kitu.

Jibu limekuja juzi. Anasema atafanya hivyo Jumamosi, yule baba akileta pikipiki. Lakini ameuliza swali. Yule baba aliinunua kwa pesa yake, kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine, na ana watoto sita wanaokula kwa makaa yale. Kama namba ikitokea kuwa ndiyo yenyewe, Baba Mudogo, anasema, mimi nimuambie nini?

Kijana amenitazama, mama watoto amenitazama. Nimesema kwanza tuone namba.